Bastola Kiunoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waswahili Wanaoishi Marekani

Wengi wetu tumekulia mahali ambako bastola ni ya polisi, ya afisa usalama au ya jambazi. Tunafika Texas, Arizona au Kentucky na kukuta jirani anakwenda dukani kununua maziwa, bastola ipo chini ya shati, na hakuna anayeshtuka. Baada ya muda swali linaanza: na mimi je?

Yaliyo hapa ni maswali ninayoulizwa na watu wetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi, kwenye uwanja wa shabaha na sebuleni. Mimi ni mkufunzi wa bastola, si wakili. Sheria za silaha hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo, kwa hiyo ninachosema kuhusu sheria kithibitishe kwa jimbo lako kabla ya kukitegemea.

Nina viza, au nina grinikadi. Naruhusiwa kumiliki bastola?

Anza hapa, kwa sababu kosa la hapa ni gumu kulirekebisha. Sheria ya shirikisho, ile ya nchi nzima, inamkubali mkaazi wa kudumu. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza akaingia na grinikadi yumo katika kundi hilo. Aliye kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni wa matembezi, amekatazwa isipokuwa kwa vighairi vichache, na asiye na hati halali amekatazwa. Amekatazwa pia aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, au kwa kumpiga mwenzi wake hata kama kosa lenyewe lilihesabiwa dogo. Kipengele hicho cha ugomvi wa nyumbani ni cha 1996, na huwanasa watu waliodhani yale mambo yaliisha wazee walipowapatanisha. Mtumiaji wa bangi naye atakutana na swali lake kwenye Fomu 4473 anaponunua dukani, hata katika jimbo ambako bangi inauzwa kihalali.

Fomu hiyo usiidanganye hata neno moja. Wala usimnunulie binamu asiyeruhusiwa: chini ya sheria ya 2022, kumnunulia mwingine kwa ujanja huo kunaweza kukufunga hadi miaka 15.

Na kuna jambo ambalo muuza duka hatakwambia. Mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ana grinikadi ya miaka mingi, nyumba ya mkopo na watoto waliozaliwa hapa. Raia anayekosea kwa kuingia na bastola mahali palipokatazwa huenda akalipa faini, lakini wewe huenda ukapoteza nchi. Kaa na wakili wa uhamiaji kabla hujakaa na muuza bastola.

Jimbo langu halidai kibali. Kwa nini nisumbuke na mafunzo?

Kwa sababu risasi yako itakwenda kule kule, kibali kiwepo kisiwepo. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 sasa yanamruhusu mtu mzima anayetimiza masharti kubeba bila kibali. Texas iliingia humo tarehe 1 Septemba 2021. Juni 2022 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka New York, ilisema kubeba bastola nje ya nyumba kwa kujilinda ni haki ya kikatiba. Hata hivyo New York, Illinois na California hudai darasa la saa 16 kabla ya kukupa kibali. Binadamu ni yule yule na chuma ni kile kile. Kilichotofautiana ni mpaka wa jimbo.

Tazama mtihani wa leseni ya kubeba ya Texas, ambayo bado inatolewa kwa anayeitaka. Unapiga risasi 50 kutoka yadi 3, yadi 7 na yadi 15, na kati ya alama 250 unahitaji 175. Ukifaulu umethibitisha kwamba unaweza kutoboa karatasi isiyotembea, kwenye mwanga mzuri, mkufunzi akiwa kando yako. Ni mwanzo mzuri, lakini karatasi haikukimbilii wala haina watoto nyuma yake.

Hata kama jimbo lako halikulazimishi, chukua leseni. Majimbo mengine hayakutambui bila hiyo. Halafu kuna sheria ya shirikisho inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, ambayo inamwachia mwenye leseni ya jimbo hilo lakini haimtaji anayebeba bila leseni. Hebu hesabu unapita shule ngapi ukienda kazini.

Kubeba bastola kunabadilisha nini katika mwenendo wangu?

Kunakuondolea haki ya kugombana. Hilo ndilo jambo ninalotaka kila mwanafunzi wangu atoke nalo, hata kama akisahau mengine yote.

Ukiwa mikono mitupu unaweza kumjibu mtu aliyekutukana, mkasukumana, mkaachanishwa. Ukiwa na bastola, kila ugomvi unaouingia tayari una bastola ndani yake, na wewe ndiye uliyeileta. Mkianguka chini anaweza kuishika yeye.

Julai 2018, mjini Clearwater, Florida, mwanamume mwenye kibali cha kubeba alimfokea mwanamke aliyeegesha gari kwenye nafasi ya walemavu bila alama. Mwenzi wa yule mwanamke akatoka dukani, akamsukuma huyo mfokaji hadi akaanguka. Akiwa chini akachomoa bastola. Kamera ilimwonyesha aliyemsukuma akirudi nyuma kabla ya risasi kupigwa. Florida ni jimbo la kwanza kupata umaarufu, tangu 2005, kwa sheria inayosema huna wajibu wa kurudi nyuma unaposhambuliwa. Sheria hiyo haikumwokoa aliyepiga. Alihukumiwa miaka 20, na mtu mmoja aliuawa mbele ya watoto wake kwa sababu ya nafasi ya kuegesha gari ambayo hata haikuwa ya mfokaji.

Kwa hiyo utaomba radhi hata pale ambapo haki ni yako. Utamwachia njia anayekupigia honi. Ukiitwa jina baya la rangi yako, na utaitwa, utapanda gari na kuondoka ukiwa na uchungu wako. Najua namna jambo hilo linavyomchoma mtu aliyelelewa kutokubali kudharauliwa mbele ya mkewe au watoto wake. Ukiona huwezi, acha bastola nyumbani mpaka utakapoweza, na sitakudharau kwa hilo, nitakuheshimu.

Kisheria pia ndivyo ilivyo. Karibu kila jimbo linauliza mambo yale yale: je, hatari ya kufa au kuumizwa vibaya ilikuwepo saa ile ile? Hofu yako ilikuwa na msingi kwa mtu mwenye akili timamu? Nani alianza? Nguvu uliyotumia ililingana na hatari? Baadhi huongeza: je, ungeweza kuondoka salama? Minnesota, ambako jamii yetu ni kubwa, ni mojawapo, na 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba ukiwa nje ya nyumba yako wajibu wa kuondoka unakuhusu hata kabla ya kumtishia mtu kwa silaha.

Mwizi akininyang'anya simu akakimbia, naweza kumfukuza?

Hapana. Nyumbani ukipiga kelele ya "mwizi!" mtaa mzima unatoka mbio, na wengi wetu tumeona mwisho wake. Tabia hiyo iache huko. Mtu anayekimbia amekupa mgongo, na mgongo hautishii maisha yako. Texas ina sheria iliyolegea kuhusu kulinda mali usiku, na wapo wanaoitaja kwa furaha. Mimi siwezi kumshauri mtu aweke maisha yake yote mikononi mwa baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, kwa ajili ya simu.

Georgia, Februari 2020, wanaume watatu walimfukuza kwa magari Ahmaud Arbery, kijana mweusi aliyekuwa akikimbia mtaani, wakidai walimshuku kwa wizi. Aliuawa. Wote watatu walitiwa hatiani kwa mauaji Novemba 2021. Walijitetea kwamba walikuwa wakikamata mwizi na kujilinda.

Na risasi ya onyo hewani?

Usipige. Tumezoea kuona polisi wetu wakifanya hivyo kutawanya watu. Risasi iliyopanda hushuka, na mahali itakaposhuka hukupachagua. Isitoshe, mwendesha mashtaka atakuuliza: kama ulikuwa na nafasi ya kupiga hewani, hatari ilikuwa ya haraka kiasi gani?

"Kuwa macho" maana yake nini hasa? Siwezi kuishi kwa hofu.

Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marine aliyefungua chuo chake cha bastola Arizona 1976, aliwafundisha wanafunzi wake kupima hali ya akili kwa rangi. Nyeupe: umezama kwenye simu, hujui nani yuko nyuma yako. Njano: umetulia, lakini unajua nani ameingia na mlango wa kutokea uko wapi. Chungwa: kuna mtu mahususi ambaye hakai sawa, na umeshaamua utafanya nini akikaribia. Nyekundu: ule uamuzi unatekelezwa.

Hofu haimo katika njano. Mama anayevuka barabara ya Kariakoo na mtoto mkononi yuko njano tangu zamani bila kufundishwa. Tatizo ni kwamba tukifika mahali penye lami safi na ukimya tunadhani pana usalama, tunaweka mafuta usiku huku tukiongea na nyumbani kwa video. Kituo cha mafuta, mashine ya kutolea pesa, maegesho ya maduka na mlango wa nyumba yako unapotafuta ufunguo: hapo simu iwe mfukoni. Mtu akianza kukusogelea, ukamwona mapema, ukaingia ndani ya gari na kufunga milango, umejilinda kikamilifu na hakuna atakayekuhoji.

Mtu ana kisu lakini yuko mbali. Ni hatari?

Inategemea mbali ni kiasi gani, na hatua ni fupi kuliko unavyodhani. 1983 Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, aliwapima watu na kuona kwamba mtu wa kawaida hukimbia futi 21, yaani kama mita 6 na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Polisi aliyefunzwa alihitaji muda karibu na huo kuchomoa na kupiga. Watu wamekigeuza kipimo hicho kuwa sheria, kana kwamba ndani ya futi 21 una ruhusa ya kupiga. Si hivyo. Kinachofundisha ni kwamba unatakiwa usogee: weka gari, meza au nguzo kati yenu, rudi kando, nunua muda.

Mazoezi yaweje kwa mtu anayefanya kazi zamu mbili?

Yawe mafupi na ya mara kwa mara. Sehemu kubwa utafanyia nyumbani bila risasi hata moja, na hayana gharama. Toa magazini, vuta kifuniko cha juu, tazama kwa macho chemba, yaani tundu inamokaa risasi iliyo tayari kupigwa, iguse kwa kidole. Risasi zote zitoke chumbani, kabisa. Chagua ukuta ambao risasi haiwezi kupenya. Kisha fanya polepole: mkono mmoja unainua shati juu, mwingine unashika mpini ukiwa bado ndani ya ala, bastola inatoka, mikono inakutana kifuani, inanyooka mbele, kidole kinaingia kwenye kifyatulio mwishoni kabisa. Dakika kumi zinatosha. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, na usirudie "mara moja tu" baada ya kurudisha risasi. Hiyo mara moja tu ndiyo iliyotoboa kuta na miguu ya watu.

Kanuni nne za Cooper ziwe kinywani mwako kama dua ya kusafiri. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe kwenye shabaha. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Ajali hutokea kanuni zaidi ya moja zinapovunjwa pamoja.

Uwanjani, ukipata nafasi ya kwenda, usimalize risasi zote kwenye karatasi iliyo yadi 5 ukajipongeza. Piga kwa mkono mmoja. Piga kwa mkono wa kushoto. Jifunze kuirekebisha inapokwama. Tafuta uwanja unaoruhusu kuchomoa kutoka kiunoni, maana vingi vya ndani haviruhusu. Baadaye tafuta darasa la mazoezi ya matukio, ambako mtu halisi aliyevaa kinga anakusogelea akiongea nawe na wewe unatakiwa kuamua. Wanafunzi wengi hugundua hapo kwamba jibu sahihi lilikuwa kuondoka.

Na jifunze kuzuia damu. Kampeni ya Stop the Bleed ilizinduliwa Oktoba 2015, na madarasa yake mara nyingi ni ya bure. Mkanda wa kubana damu utakufaa kwenye ajali ya gari, na ajali za magari utazikuta nyingi kuliko majambazi.

Nivae vipi? Dada zetu wanauliza kuhusu mkoba.

Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake usijifunge bastola inapotoka. Ala ya kitambaa laini iliyo rahisi dukani iache hapo hapo. Mkanda uwe imara. Kisha zoea kuchomoa ukiwa na nguo unazovaa kweli: koti la baridi la Minneapolis, kanzu ya Ijumaa, dira, kitenge cha kubana. Kitu ulichokifanyia mazoezi kwa fulana hakitatoka chini ya koti kwa namna ile ile.

Mkoba siupendi. Mkoba huporwa, huwekwa chini, huachwa kwenye toroli la dukani. Tarehe 30 Desemba 2014, katika duka moja la Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili alifungua mkoba wa mama yake na kumpiga risasi iliyomuua. Mama huyo alikuwa na kibali na alijua bastola vizuri. Zipo ala za wanawake zinazovaliwa kiunoni chini ya gauni. Tafuta mkufunzi wa kike akuonyeshe, wapo wengi sasa.

Risasi ikae ndani ya chemba?

Wakufunzi wengi husema ndiyo, nami pia, kwa sababu kuiingiza kunahitaji mikono miwili, na huenda mkono wako mmoja ukawa unamzuia mtu au umembeba mtoto. Lakini kama bado unaogopa, usilazimishe. Hofu hiyo inakwambia ala yako ni mbaya au mazoezi hayajatosha, na mara nyingi inasema kweli.

Nitaweza kulenga nikiwa na hofu?

Vibaya zaidi kuliko unavyolenga uwanjani. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakuwa vizito, macho yanaona tundu moja tu mbele, masikio yanaziba. Uchunguzi wa taasisi ya RAND uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006 polisi wa New York, katika majibizano ya risasi, walimpata waliyemlenga kwa wastani wa asilimia 18. Hao ni watu wa kazi hiyo. Risasi zilizobaki zilikwenda mahali fulani.

Upande wa pili upo. Tarehe 29 Desemba 2019, katika kanisa la West Freeway Church of Christ, White Settlement, Texas, mtu alisimama katikati ya ibada na kuua waumini wawili. Jack Wilson, aliyeongoza kikosi cha usalama cha kanisa, alimwangusha kwa risasi moja. Tukio zima lilichukua sekunde 6 hivi. Wilson alikuwa mkufunzi wa bastola na aliwahi kuwa askari wa akiba wa sherifu. Makanisa yetu yanayonialika yakitaka "kikosi cha ulinzi" huwa nawaeleza hili: yule mzee alikuwa amejiandaa kwa miaka mingi, na ndugu aliyenunua bastola mwezi jana asipewe mlango wa kanisa. Mpeni redio na kazi ya kuangalia maegesho, kazi hiyo ina thamani kubwa zaidi.

Nilikimbia vita. Mlio wa bunduki unanirudisha kule.

Kaka, dada, pole sana. Nimeona watu wazima kutoka Kivu wakitetemeka uwanjani hata kabla ya kugusa silaha, na hakuna aibu ndani yake. Mwambie mkufunzi mapema. Nenda siku na saa ambayo uwanja hauna watu, uwe wa nje, uvae vifuniko vya masikio viwili viwili. Simama tu siku ya kwanza, usipige. Ukiona usingizi umepotea kwa siku kadhaa baadaye, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili kwanza, bastola isubiri. Taa nzuri nje ya nyumba, kufuli la maana, dawa ya pilipili na jirani unayemjua kwa jina ni ulinzi pia.

Nikishtuka, nitapiga kelele kwa Kiswahili?

Karibu hakika. Kwa hiyo fanya mazoezi ya maneno kama unavyofanya ya mikono. "Stop! Get back!" Sema kwa sauti ya juu, mikono mbele, kila unapofanya yale mazoezi ya nyumbani bila risasi. Amri iliyoeleweka inaweza kumsimamisha mtu, na mashahidi waliosikia ukimtaka arudi nyuma watamwambia polisi hivyo. Shahidi aliyesikia lugha asiyoijua ataeleza tu kwamba ulikuwa unafoka.

Polisi akinisimamisha barabarani nikiwa nayo?

Swali hili ni zito kwetu kuliko kwa wengine. Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa na polisi. Alikuwa na kibali. Alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Muda mfupi baadaye alipigwa risasi akiwa amefunga mkanda, mpenzi wake kando na mtoto mdogo nyuma. Polisi huyo aliachiwa huru na baraza la mahakama mwaka uliofuata. Siwezi kukuahidi kwamba ninayokufundisha yatakulinda, na sitaki mtu mwingine akuahidi.

Fanya hivi hata hivyo. Simama penye mwanga, zima injini, washa taa ya ndani, mikono yote juu ya usukani. Leseni ya udereva na bima zikae mbali na upande wenye bastola. Mimi huziweka juu kwenye kivuli cha jua. Usianze na neno la bunduki. Sema: "Officer, I have a permit to carry. My hands are on the wheel. What would you like me to do?" Kisha usiguse chochote mpaka uambiwe, na kabla ya kusogeza mkono sema unausogeza wapi. Michigan na North Carolina zinakutaka useme mwenyewe mara moja. Majimbo kadhaa mengine yanasubiri uulizwe. Mimi hushauri useme.

Ikitokea nimempiga mtu, nifanye nini?

Hakikisha hatari imekwisha, sogea penye kinga, piga 911 utaje mahali ulipo kwanza, kisha muonekano wako na nguo ulizovaa. Omba gari la wagonjwa, kwa ajili ya aliyepigwa pia. Kama Kiingereza kimekutoka, taja neno "Swahili". Vituo vingi vina wakalimani wa simu. Polisi wakifika, bastola isiwe mkononi. Juni 2021, Arvada, Colorado, raia aitwaye Johnny Hurley alimpiga risasi mtu aliyekuwa ametoka kumuua polisi. Kisha akaishika bunduki ya muuaji. Polisi mwingine aliyetokea akamdhania ndiye muuaji na kumuua.

Kwa polisi sema machache: nilishambuliwa, ushahidi ule pale, shahidi ni yule, nitashirikiana nanyi nikiwa na wakili na mkalimani. Kisha nyamaza. Sisi tumelelewa kwamba mwenye haki hueleza yote bila kuficha. Lakini baada ya mshtuko kama huo kumbukumbu hukosea umbali, muda na idadi ya risasi, na kila kosa litasomwa mahakamani kama uongo. Namba ya wakili wa jinai iwe kwenye simu yako leo.

Nyumba yetu imejaa watoto na wageni.

Basi bastola iko katika hali mbili tu: mwilini mwako au ndani ya sefu iliyofungwa. Juu ya kabati si mahali. Chini ya godoro si mahali. Mtoto wa shangazi aliyekuja kulala hajui kanuni za nyumba yako. Sefu ndogo ya kufungua kwa namba hufunguka kwa sekunde chache gizani ukiizoea. Watoto wenyewe wafundishe: ukiona, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima.

Kuna hatari ambayo jamii yetu haipendi kuitaja. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Mgeni aliyepoteza kazi, aliyenyimwa hati, aliyeachwa na mke huku familia nyumbani ikidhani ana pesa, yuko kwenye hatari hiyo. Ukiwa wewe, mpe rafiki unayemwamini au duka la silaha likutunzie mpaka upepo utulie, kwa kufuata sheria ya jimbo. Ukiwa ni ndugu yako, mwombe akupe. Namba 988, ya msaada kwa anayefikiria kujiua, hupokea simu mchana na usiku.

Nikinywa kidogo tu?

Hapana. Hata moja.

Ninaendesha lori, au Uber.

Uber na Lyft zote mbili zinakataza madereva kubeba silaha, hata penye kibali, na waajiri wengi wa maghala na nyumba za wazee vile vile. Utapoteza kazi.

Dereva wa lori ana shida kubwa zaidi, maana kibali chake kinaweza kufa katikati ya daraja. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia aliyekuwa na kibali cha Pennsylvania alivuka kuingia New Jersey, akamwambia polisi kwa uaminifu kwamba ana bastola, akakamatwa na kukabiliwa na kifungo cha miaka. Aliokolewa na msamaha wa gavana 2015. Sheria ya shirikisho ya 1986 inakuruhusu kupita jimbo kama bastola haina risasi na imefungwa mahali usipopafikia, na kama unakotoka na unakokwenda inaruhusiwa. Ni ya kupita. Usilale huko ukidhani inakulinda. Ukivuka kwenda Canada kumwona ndugu wa Toronto au Montreal, iache kabisa.

Nikirudi likizo Nairobi, Bujumbura au Dar, nifanye nayo nini?

Usiende nayo. Kuitoa Marekani kuna taratibu zake, na kuiingiza kule bila kibali cha kule ni kosa kubwa la jinai. Kibali chako cha Texas hakina maana yoyote mbele ya askari wa Jomo Kenyatta au Julius Nyerere. Kagua begi la mkononi usiku wa kabla ya safari, kila mfuko. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata bunduki 6,737 kwenye mizigo ya mkononi, nyingi zikiwa na risasi, na wengi wa wenye mali walisema walisahau. Begi ulilowahi kubebea bastola usilisafirie.

Kwa muda utakaokuwa nje, toa risasi, ifunge kwenye sefu, na ufunguo au namba isibaki kwa anayekutunzia nyumba kama yeye haruhusiwi kumiliki. Andika namba iliyochongwa kwenye bastola na uiweke kwenye simu yako, ili nyumba ikivunjwa uweze kuripoti siku hiyo hiyo hata ukiwa Morogoro.